Kona za Usharika Wetu

Jumamosi, 1 Juni

Mama Pendo ameondoka na basi la alfajiri kwenda Morogoro. Pendo wetu amejifungua mtoto wa kiume juzi, na bibi hawezi kukaa Njombe akisikia kilio cha mjukuu kwa simu tu. Amebeba kiroba cha viazi, maharage, vitenge vya kubebea mtoto na blanketi zito. Nikamwambia Morogoro hakuna baridi.

"Baba Pendo, mimi nimezaliwa Njombe. Siamini kama kuna mahali pasipo na baridi mpaka nilale hapo."

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka mtoto apate nguvu. Mwisho wa Julai nitakuwa nimerudi. Mbio si ni Agosti?"

"Kaa tu, mama. Usiharakishe. Mimi nipo."

Nimesema hivyo kwa sauti ya mwanamume anayejiweza. Nimefika nyumbani nikakuta sijui chumvi inakaa wapi.

Jumapili, 2 Juni

Ukungu. Chumvi ilikuwa ndani ya kopo lililoandikwa majani ya chai.

Jumatano, 5 Juni

Haya ninayoandika humu ni yale ambayo ningemwambia Elina, yaani Mama Pendo, wakati wa chakula cha jioni. Daftari halinijibu, lakini pia haliniulizi kama nimenawa mikono.

Niandike basi kama kwa mgeni. Mimi Aron, muuza spea hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe, mwenye miaka hamsini na mbili, tumbo la wastani na kipara kinachojitegemea, ni dereva wa mbio za magari. Si wale wa kwenye televisheni. Sisi ni wa ridhaa: wauza mbao, walimu, mwenye mashine ya kukoboa. Kila mwisho wa Agosti tunakutana Makambako, kwenye barabara ya vumbi ndani ya shamba la miti la mtu mmoja anayetuvumilia. Magari yanaondoka moja moja, saa inahesabu. Kila gari lina watu wawili: dereva, na msoma ramani anayeketi kushoto na kumtajia kona inayokuja kabla haijaonekana. Gari langu ni Chaser nyeupe ya zamani, silinda sita. Msoma ramani wangu, miaka yote, ni Elina mke wangu.

Wenzetu wanasoma kona kwa namba: kulia tatu, kushoto tano. Elina alijaribu mwaka wa kwanza akasema namba hazina sura. Akazipa kona majina ya watu wa usharika wetu. Mwinjilisti ni ile ndefu. Unadhani amefika kwenye amina, kumbe anavuta pumzi. Mweka Hazina imebana na haifunguki hata ukiomba. Yunis, wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, inakupokea kwa tabasamu pana halafu inafunga ghafla. "Yunis kulia!" anasema Elina, na mguu wangu unajua wenyewe cha kufanya. Hajawahi kuandika hata moja. Zote zimo kinywani mwake, na hakuna anayezijua ila sisi wawili. Zingejulikana, tungetengwa na Meza ya Bwana.

Jumamosi, 15 Juni

Marcelino ameleta turbo mpya. Marcelino ni fundi wa kuchomelea kutoka Uwemba, Mkatoliki tangu kwa babu yake, mtu asiyeweza kukaza nati bila kuisimulia kitu kwanza. Turbo ni kile kidude chenye umbo la konokono kinachoisukumia injini hewa. Huku juu kwetu hewa ni nyepesi, injini inahema kama mgeni wa kutoka Tanga. Bila turbo hufiki mbali. Ile ya zamani ilikuwa inatosha. Elina mwenyewe alisema inatosha. Hii mpya ni kubwa kuliko kichwa changu.

"Marcelino, itaingia kweli?"

"Isipoingia, Baba Pendo, tutakata gari."

Elina akapiga simu tukiwa katikati ya kazi.

"Ni nini hicho kinaunguruma?"

"Marcelino anasaga chuma. Tunaongeza nguvu kidogo."

"Farasi wangapi?"

"Labda hamsini. Kwa makadirio."

"Na wewe umekula?"

"Nimekula." Nilikuwa nimekula mkate na ndizi, nikiwa nimesimama.

"Mtoto anafanana na wewe. Hana nywele."

Jumanne, 25 Juni

Nimeunguza maharage tena. Jirani ameuliza kama nachoma matofali.

Jumapili, 7 Julai

Sakitu imelala juu ya bustani, majani yote meupe na magumu kama yamepigwa pasi kwa wanga. Nyumba hii ina vyumba vinne na mimi naishi jikoni, karibu na moto, kama paka.

Elina amepiga baada ya ibada. Mtoto anasumbuliwa na tumbo, kwa hiyo Julai haitawezekana. Tuseme katikati ya Agosti. Nikamwambia hakuna shida, akae tu. Akasema jambo jingine, kwa furaha, nami nikalipokea kwa furaha ya kuazima: magoti yake yamenyamaza. Tangu afike kwenye joto hayajamuuma hata siku moja. Anapanda ngazi kama binti.

"Si vizuri?" akasema.

"Vizuri sana."

Nimekwenda karakana nikafungua injini iliyokuwa haina tatizo lolote.

Jumamosi, 20 Julai

Tumebadilisha pampu ya mafuta na nozeli. Kijana wa Makambako mwenye kompyuta ndogo ameichomeka kwenye gari na kuibadilisha akili. Anasema tumepita farasi mia tatu na hamsini. Nimelijaribu kwenye barabara ya shamba kule Matembwe. Nilipokanyaga, lilikaa kimya kwanza, kama mtu aliyetukanwa na anafikiri ajibu nini. Halafu likajibu. Nilirudi nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nilimpigia Elina. Alikuwa anamwogesha mtoto, simu ameiweka sakafuni.

"Mia tatu na hamsini?" akasema kwa mbali, maji yakimwagika. "Baba Pendo, kila nikiongeza wiki, wewe unaongeza farasi. Nikikaa mpaka Krismasi utaruka."

Nikacheka. Naye akacheka. Halafu nikasikia maji tu, na mmoja wetu angeweza kusema kitu.

"Haya mama," nikasema. "Kaa tu, usiwe na wasiwasi na huku."

Alhamisi, 25 Julai

Baridi. Hakuna mteja. Nimepanga mikanda ya feni kwa urefu.

Jumamosi, 3 Agosti

Leo amepiga Pendo mwenyewe. Ana sauti ya mama yake anapotaka kitu kikubwa: inashuka chini, inakuwa na adabu nyingi.

"Baba, shikamoo. Baba, likizo yangu inaisha. Nilikuwa naomba mama akae mpaka mtoto atembee."

"Mpaka atembee."

"Mwakani hivi. Na magoti yake huku yamepona, baba, ungemwona. Lakini amesema hawezi kunijibu mpaka wewe useme."

Mpaka mimi niseme. Nilikuwa dukani, nimeshika chujio la mafuta, nikaligeuza huku na huku kama lina maandishi ya kunisaidia.

"Mama yako ni mtu mzima," nikasema. "Akipenda kukaa, akae. Mimi huku nipo vizuri kabisa. Gari linanishughulisha."

"Asante, baba! Nitamwambia."

Nimefunga duka mapema. Nimekwenda kwa Marcelino kumwambia aanze kujifunza kuketi kushoto.

Jumapili, 4 Agosti

Tumekwenda Makambako kujaribu barabara. Nilimfundisha Marcelino majina, moja moja, kila kona na mtu wake. Ameyashika yote, ana kichwa kizuri. Taabu ni kwamba hawajui watu wenyewe. Anasema "Mwinjilisti kushoto" kwa sauti ya mtu anayesoma lebo ya sabuni.

"Sasa huyu Mweka Hazina," akauliza tulipopumzika, "ni mkali au ni mnene tu?"

"Amebana."

"Amebana vipi? Mfano wa Paroko wetu, au mfano wa Sista wa zahanati?"

"Marcelino, mimi nitamjuaje Sista wa zahanati?"

"Na mimi nitamjuaje Mweka Hazina wako? Mimi nasema majina ya watu, wewe unakata kona, hakuna anayejua mwenzake anazungumzia nini."

Tulikwenda polepole kuliko mwaka ambao breki zilikufa.

Jumapili, 11 Agosti

Wazo lilikuwa la Marcelino, lakini mimi ndiye niliyelikubali, na mimi ndiye mwenye umri wa kujua.

Amehudhuria misa ya kwanza kwao Uwemba, halafu akaja ibada ya pili kwetu, amevaa koti la harusi, ili awaone kona. Nilimketisha benchi la nyuma. Mwinjilisti alipoomba, Marcelino aliangalia saa yake, akatikisa kichwa kwa heshima, akaninong'oneza, "Sasa nimeelewa. Hii ni ya gia ya nne." Mweka Hazina alipopita na kapu la sadaka, akamtazama kama fundi nguo anayemchukua mteja kipimo. Na kwaya ilipoinuka akauliza yupi Yunis, nikamwonyesha kwa kidevu. Akamkazia macho. Yunis akaimba beti mbili akitazamwa hivyo. Mwishoni alipotabasamu kumpokea mgeni, kisha akaona mgeni hapepesi macho na tabasamu likakatika ghafla, Marcelino akaangua kicheko ndani ya nyumba ya Mungu.

Nje Yunis alitungoja mlangoni, vitabu vya nyimbo kifuani.

"Kamwene, Baba Pendo. Mgeni wako ana nini na mimi?"

"Hana kitu."

"Mama, samahani," akasema Marcelino, ambaye hajui kusema uongo siku ya Jumapili. "Nilikuwa naangalia unavyofunga."

Yaliyobaki Yunis aliyatoa kwa Marcelino taratibu, kama mtu anayekamua jipu.

Jumatatu, 12 Agosti

Elina amepiga asubuhi. Si kawaida yake asubuhi.

"Yunis amenipigia jana. Amecheka kwanza. Halafu akaniuliza ni lini alinifungia ghafla."

"Mama Pendo, nitakueleza."

"Kwa Yunis nitaomba radhi mwenyewe, yule ni mwenzangu, tutaelewana. Nakuuliza wewe. Kiti nilijua utampa mtu. Gari haliendi na mtu mmoja. Lakini umempa na majina?"

Nikasema nilitaka tu asome vizuri.

"Haya," akasema. "Mtoto analia."

Mtoto hakuwa analia. Nilisikia vizuri sana jinsi alivyokuwa halii.

Jumanne, 13 Agosti

Hajapiga.

Jumatano, 14 Agosti

Hajapiga. Tumeongeza presha ya turbo. Marcelino anasema sasa tumevuka mia nne, na kwamba gari kama hili si la kupitia sokoni.

Ijumaa, 16 Agosti

Yunis amekuja dukani kununua plagi ya pikipiki ya mwanawe. Alichukua muda mrefu kuchagua, na plagi zilikuwa za aina moja.

"Kwa hiyo mimi ni kona," akasema.

"Dada Yunis, nisamehe."

"Kali kiasi gani?"

"Wengi wameshatoka nje hapo kwako."

Akatafakari. "Na mke wa Mwinjilisti? Yeye ni kona?"

"Yeye ni daraja."

Hilo lilimpendeza, nikaona. Akaweka plagi kwenye kipochi, akaegemea kaunta.

"Elina huwa ananipigia, unajua? Tangu Juni. Anauliza, Aron amekonda? Anakula? Nikimwambia umenawiri, una rafiki mpya, mnachomelea vyuma kutwa, ananyamaza."

"Kwa nini umwambie nimenawiri?"

"Si wewe ndiye unayejibu hivyo kila ukiulizwa hapo kanisani? 'Nipo vizuri, nipo vizuri.' Nilitaka nimdanganye rafiki yangu? Hebu niambie, umemwambia arudi?"

"Nimemwambia akae tu, asiwe na wasiwasi."

"Basi amekaa," akasema Yunis, na kuondoka na plagi yake.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimepiga mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa, nilitembea kwanza hadi mwisho wa uwanja na kurudi. Akapokea.

"Kwema?" nikasema.

"Kwema. Huko?"

"Kwema. Mtoto?"

"Ameota nywele mbili."

"Vizuri. Sasa, mama... nilikuwa nasema..."

"Sema."

"Mahindi hapa yamepukuchuliwa yote."

"Ahaa."

"Haya basi. Kaa salama."

Mimi huyu, ambaye injini yangu ina nguvu za farasi mia nne.

Jumapili, 25 Agosti

Upepo. Nimemwambia Marcelino tuachane na majina, tusome kwa namba kama watu wengine. Amekubali bila kubishana. Hilo limenisikitisha zaidi.

Jumamosi, 31 Agosti

Makambako. Upepo wa huku haubembelezi. Unakuvua kofia kwanza, ndipo unakusalimia. Tulipakia gari kwenye lori la mbao asubuhi, na tangu tuliposhusha nilijibu swali moja tu.

"Mama yuko wapi leo?" aliuliza mwalimu mwenye Subaru.

"Yupo, anasalimia."

"Mama yuko wapi?" akauliza mwandikishaji mezani, kalamu hewani.

"Yupo Morogoro, kwa mjukuu."

"Ah, bila Mama Pendo leo mtapotea," akasema mama muuza chai, ambaye kila mwaka Elina humletea viazi. "Atarudi lini?"

Nikanywa chai ikiwa ya moto ili nisijibu.

Zamu yetu ikafika. Marcelino alikaza mkanda, akafanya ishara ya msalaba, akashika karatasi yake ya namba kwa mikono miwili. Bendera ikashuka.

Niseme ukweli kuhusu gari: ni kubwa sasa kuliko mimi. Lile nililokuwa nalo mwaka jana ningeweza kuzungumza nalo. Hili lilinichukua. Miti ikawa ukuta mmoja. Vumbi la aliyetangulia lilikuwa bado linaning'inia na jua likipita ndani yake, na kwa sekunde chache, kwenye ule mnyooko wa kwanza, nilisikia raha ya ujana hasa, nikageuza shingo kidogo kushoto ili nimwone anavyocheka, kwa sababu hapo huwa anacheka. Nikamwona Marcelino, macho yamemtoka, anasoma namba kwa uaminifu.

"Kushoto nne! Kushoto nne ndefu!"

Tukapita. Tukapita na iliyofuata, na daraja.

"Kulia mbili! Inafunga! Kulia mbili!"

Alisema wazi, na mapema. Nilimsikia. Lakini mguu wangu haukutoka kwenye mafuta. Ulikuwa unangoja kuambiwa na mtu mwingine. Ulingoja tu, kama mtu aliyesimama kituoni basi limeshapita, na gari likafika pale kwenye kona na nguvu zake zote mpya, likazunguka mara moja, mara mbili, likaingia kinyumenyume kwenye visiki na kukaa.

Vumbi likatufunika. Injini ikazima. Nikasikia upepo kwenye miti.

"Umeumia?" nikauliza.

"Hapana. Baba Pendo, nilisema mara mbili."

"Nilisikia."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Nilibaki nimeshika usukani. Macho yalinijaa, nikasema ni vumbi, na lilikuwepo la kutosha kumridhisha. Marcelino akakunja ile karatasi polepole, ikawa ndogo kabisa.

"Mimi siwezi kukusaidia zaidi ya namba," akasema, bila utani, mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mimi si mke wako."

Watu wakatusukuma, tukamalizia. Tumekuwa wa pili kutoka mwisho. Tumemshinda mwenye Subaru, aliyevunja gia akiwa bado hajaondoka.

Jumapili, 1 Septemba

Nimetoka ibada, nimekaa kizingitini kwenye jua na kupiga. Sikutembea kwanza hadi mwisho wa uwanja; ningefika huko ningerudi na habari za mahindi.

"Mmekuwa wa ngapi?" akauliza, kwa ubaridi wa wiki zote hizi.

"Wa pili."

"Wa pili!"

"Kutoka mwisho."

Akacheka. Hakutaka, kicheko kikamtoka tu, kile cha puani.

"Mmeumia?"

"Bampa. Na heshima."

"Huyo Marcelino hakukusomea?"

"Alinisomea vizuri sana. Sikusomewa na wewe."

Nyuma yake nilisikia redio ya mtu na jogoo asiyejua saa.

"Pendo anangoja jibu langu," akasema. "Anaanza kazi kesho kutwa. Nimemwambia, 'Baba yako amesema nikae.' Sijui niseme nini zaidi."

Lile neno langu, kaa tu, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililisikia likija, na adabu zake zote.

"Rudi," nikasema.

"Nini?"

"Rudi, Elina."

Humu daftarini namwandika hivyo kila siku, lakini mdomoni sijamwita jina hilo tangu Pendo azaliwe.

"Nyumba imenishinda," nikasema. "Nalala jikoni. Nimeunguza sufuria zote mbili. Siyo sufuria. Hata kama ningejua kupika. Na gari nimelijaza nguvu ambazo sina kazi nazo. Najua magoti yako yamepona huko, na sina haki, lakini rudi. Nitayapasha moto mimi mwenyewe kila jioni. Nikuone tu hapa."

Nikadhani mtandao umekatika, nikaangalia simu. Ulikuwepo.

"Tangu Juni," akasema taratibu. "Tangu Juni, Aron, napiga simu nikisema leo atasema. Nasikia kaa tu, kaa tu. Nikasema kumbe mzee huyu amepona bila mimi."

"Sijapona."

"Mama mkwe wa Pendo anaulizia zamu yake na mtoto tangu mwezi wa saba. Kila wiki namzungusha, sijui hata nangoja nini."

"Na Pendo?"

"Pendo atanuna mpaka jioni." Akavuta pumzi. "Usikate simu. Kaa hapo hapo. Ngoja nianue nguo zangu."

Nikasikia anaweka simu juu ya kitu, mlango wa bati ukafunguka. Halafu vibanio vya nguo vikaanza kuanguka ndani ya beseni, kimoja, kingine, kingine tena, haraka haraka.